Kuzunguka Milima na Mume Asiyekula Njiani

Ninyi mliosoma nami Karagwe mmenisumbua kwenye kundi letu tangu nirudi. Mmoja anauliza kama ni kweli nilikwenda Gakenke kwa miguu, mwingine anauliza kama Baba Keza bado mzima, wa tatu anataka picha za nyayo zangu. Picha za nyayo hamtapata. Mengine nayaandika hapa kwa mkupuo mmoja, maana nimechoka kuwajibu kipande kipande kwa kidole gumba, huku wanafunzi wangu wa Kiswahili wakidhani nasahihisha insha zao.

Mezani, Batsinda

Kwanza mjue sababu, maana mmekwisha kuzua zenu. Faustin, mume wangu, ana kisukari. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia mambo mawili: atembee kila siku, na akishameza vidonge asiruke chakula, kwa sababu sukari ikishuka ghafla inaweza kumwangusha palepale aliposimama. Faustin alimshukuru kwa adabu zote. Tulipofika nje akanishika mkono.

"Mama Keza, hii kitu ibakie kati yetu. Hata Keza asijue."

Tangu siku hiyo ugonjwa ule nyumbani kwetu unaitwa "hii kitu."

Mnamfahamu. Amelelewa Bujumbura na mama Mkatoliki aliyekuwa anapiga pasi hata soksi. Faustin angekubali kukatwa mguu kuliko kuhurumiwa. Alijua watu wakisikia wataanza kuchungulia sahani yake, harusini watamwekea chupa ya maji pembeni kama mtoto, na kina mama wa jumuiya watakuja sebuleni kumwombea huku wakikagua mapazia yangu. Huku Batsinda, Kigali, nyumba zimekaribiana, jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa kitandani kwako. Mwanamume ambaye huwa anapanda pikipiki kwenda kununua mkate, akionekana ghafla anatembea mtaani kila jioni, watu watamzika kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo vidonge alimeza, kutembea akakataa. Tuliporudi kwa muuguzi, yule dada hakutuzungusha. Alisema tukiendelea hivi, safari ijayo tutazungumza habari za macho yake na miguu yake.

Nilirudi nyumbani nimeogopa kweli. Nikamwambia, "Kama huwezi kutembea wanapokujua, tutatembea wasipokujua."

Ndipo nilipoanza kupanga. Nililaza ramani ya darasani juu ya meza ya chakula, nikachukua uzi wa cherehani, nikachora mzunguko mzima: kutoka mlangoni kwetu, kuvuka mgongo wa Jali hadi Shyorongi, kufuata vilele vya Rulindo hadi Base, kupenya Buranga kushukia Gakenke, kupanda Kabuye, kisha Rushashi, Ruli, kuteremka bonde la Nyabarongo na kurudi nyumbani kwa upande wa pili. Kila pengo, yaani pale njia inapopita katikati ya milima miwili, nililitia alama nyekundu na kuandika saa ya kufika. Majuma kadhaa tulikula chakula cha jioni magotini kwa sababu meza ilikuwa na milima. Uzi uliteleza vizuri sana juu ya karatasi. Uzi haupandi, hauteremki, na hausalimiwi na mtu.

Sokoni Kimironko nilinunua karanga, ndizi mbivu na unga wa glukosi, na asubuhi ya kuondoka nikakaanga chapati. Majirani tuliwaambia tunakwenda harusi Musanze. Nilijiona nimemaliza kila kitu.

Batsinda hadi Shyorongi

Tuliondoka Jumamosi. Ninyi wa Karagwe hamwoni tatizo. Mtu yeyote wa Kigali anayesoma hapa ameshashika tumbo kwa kucheka, kwa sababu ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na asubuhi hiyo nchi nzima inatoka na majembe kufanya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Maduka yanafungwa, magari yanasimama, na mtu anayetembea na fimbo na kofia ya jua anaonekana kutoka mlima wa tatu. Nilikuwa nimepima kila mwinuko wa njia ile, na kalenda sikuitazama.

Juu ya mgongo wa Jali tulikuta watu wanachimba mtaro kando ya barabara. Mkuu wa kijiji, bwana mmoja mwenye koti la suti na viatu vya mvua, akatusimamisha.

"Mwaramutse. Munaenda wapi, na watu yote iko kwa kazi?"

"Tunatembea," Faustin akasema.

"Munatembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu."

Yule bwana alitutazama kuanzia kofia hadi viatu. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia udhuru wa namna hiyo.

"Sawa. Mutatembea nyuma ya kazi. Sasa mushike jembe."

Tukashika. Faustin alilima mtaro ule kwa bidii ambayo sijaiona katika ndoa yetu. Alivua shati, akatoka jasho, akacheka na watu, na mimi nikawa nafikiri kwamba yule muuguzi angemwona angelia kwa furaha. Kazi ilipokwisha tukakaa mkutanoni, kama desturi ilivyo, na mkuu wa kijiji akatutambulisha kuwa wageni kutoka mjini. Mzee mmoja akasimama kuuliza barabara itapanuliwa upande upi. Tulisema hatujui. Watu wakatikisa vichwa wakielewana: hawa ni wa serikali, wamekatazwa kusema. Kuanzia hapo hadi Shyorongi kila tuliyempita alituonyesha mipaka ya shamba lake.

Mchana ulikuwa umeingia. Nilitoa ndizi, nikampa mume wangu.

"Hapa?" akauliza.

"Hapa. Umemeza vidonge, umelima, kula."

"Watu wanaona."

Hapo ndipo nilipogundua shimo kubwa katika mpango wangu. Sisi kule Karagwe tulimaliza miwa kati ya shule na nyumbani, tukitema makapi njia nzima, na hakuna aliyetuita wahuni. Huku mtu mzima hatafuni barabarani. Anayekula huku anatembea ni mtu asiye na kwao, na mama yake Faustin alimfundisha hilo kwa kiboko. Mimi nililijua, nimeishi hapa miaka. Nilichodhani ni kwamba milimani tutapata mahali pasipo na watu.

Rwanda. Mahali pasipo na watu. Tuliingia nyuma ya mikaratusi, akamenya ndizi, na sauti ikatoka juu ya mti: "Muraho!" Kulikuwa na mtu anakata kuni. Tukashuka kwenye korongo, tukakuta mama anafua. Tukasubiri kona tupu, wakaja watoto wakitoka kisimani, wakatufuata hadi tuliposahau tulichokuwa tunatafuta. Faustin alikula ndizi ile Shyorongi, ndani ya choo cha nyumba tuliyolala. Akatoka akifuta mdomo kwa kitambaa.

Shyorongi hadi Base

Siku iliyofuata njia ilitupeleka juu ya migongo ya Rulindo, upande huu mabonde, upande ule mabonde, ukungu unavuka chini yetu, na miguu yangu inaniuliza nani alinituma. Nilikuwa nimeandika kwamba tutafika Base saa sita. Saa sita tulikuwa tumeketi kwenye benchi ya mtu asiyetujua, na hatukuwa na namna ya kuondoka.

Nyumba ya kwanza, bwana mmoja aliyeitwa Sylvestre alituona tunapita, akadhani gari letu limeharibika. Wote walidhani hivyo, njia nzima. "Gari ilikufia wapi?" ndiyo salamu tuliyoisikia kuliko zote. Tukisema hatuna gari, wanatuhurumia zaidi na kutuingiza ndani. Sylvestre akaleta ikigage, pombe ya mtama, katika kibuyu. Akaonja yeye kwanza mbele yetu, ili tuone haina sumu, kisha akampa Faustin.

Sasa fikirini. Mtu ameonja kwa kinywa chake mwenyewe, amekukabidhi kwa mikono miwili. Ukikataa, umemwambia bado unamshuku. Sababu pekee ya kukataa ambayo ingekubalika ni ile ambayo Faustin ameapa kutoitaja.

Sylvestre alipogeuka kuita mke wake, nilimnong'oneza, "Sema umeokoka, hunywi."

"Miye ni Mkatoliki. Siwezi kukana kanisa kwa ajili ya kibuyu."

"Basi lete."

Nikanywa. Sylvestre aligeuka akakuta kimepungua, akafurahi, akajaza. Nikanywa tena. Nyumba ya pili ilikuwa pombe ya ndizi, nyumba ya tatu ikigage tena, na kila mahali Faustin alipokea kwa heshima, akagusisha midomo, akasifu, na mimi nikamalizia wenyeji wakitazama pembeni. Mwalimu wa sekondari, mama wa mtoto mmoja, mjumbe wa kamati ya nidhamu. Nilipofika Base nilikuwa nawapenda watu wote wa Rulindo mmoja mmoja kwa jina, na nilimkumbatia mwenye nyumba ya wageni kabla hajasema bei.

Faustin alinivua viatu. Alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilitetemeka kidogo alipofungua kamba. Nikamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Akasema viazi viwili kwa mke wa Sylvestre. Ulevi wote ulinitoka, nikamlisha chapati zote zilizobaki, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Tukaapa tutaamka mapema na kula vizuri kabla ya kila kupanda. Mpango mpya, safi kabisa, bila uzi.

Base hadi Gakenke, kupitia Buranga

Asubuhi tuliamka mapema, tukala vizuri, na tukawa tunajisifu hadi getini. Pale Mama Vestine, mwenye nyumba ya wageni, akafunga kitenge na kutoka nasi.

"Nawasindikiza," akasema.

Mnajua kusindikiza kwetu, hadi njiapanda na kwaheri. Mama Vestine aliacha wageni wengine wakisubiri chai, akapanda nasi mlima. Kwenye duka la kwanza tukampata shemeji yake, naye akaungana. Mwendesha pikipiki mmoja akawa anatufuata polepole kwa gia ya kwanza, akiamini kwamba tutachoka. Ndivyo tulivyolipanda pengo la Buranga, msafara mzima kama tunapeleka mahari, na mimi nikimtazama Faustin jasho linavyomtoka, nikijua kwamba mbele ya watu wote hawa hatatia hata karanga mdomoni.

Kileleni, ambapo barabara inapinda na bonde la Gakenke linafunguka lote kwa mara moja, Mama Vestine akauliza tunaishi wapi Kigali.

"Batsinda," nikasema bila kufikiri.

"Batsinda? Dada yangu iko Batsinda. Ngoja nimupigie."

Kabla sijamzuia simu ilikuwa imeita, imepokelewa, imewekwa sauti ya juu, na Mama Vestine ametangaza kwamba yuko na Baba na Mama Keza. Nikaisikia sauti ninayoisikia kila asubuhi ikigombana na mfereji wa maji. Alikuwa Mama Bella, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Mama Keza? Munafanya nini Base? Si mulisema harusi iko Musanze?"

Nilimtazama Faustin.

"Gari iliharibika," akasema kwenye simu.

Mama Bella anajua kwamba hatuna gari. Mtaa mzima unajua hatuna gari.

"Aaa," Mama Bella akasema. "Pole. Mwihangane."

Tukashuka Gakenke. Nilijua kinachoendelea kule nyumbani. Saa hiyo Mama Bella alikuwa ameshavaa ndala.

Pengo la Kabuye

Hapa ndipo mlipotaka nifike, na hapa sitanii sana.

Gakenke tulilala vibaya. Asubuhi chakula kilichelewa, mwenye hoteli akisema muhogo bado unaiva, na Faustin alikwisha meza vidonge. Alikataa kusubiri. Tangu ile simu alikuwa mkimya, anatembea haraka kupita kawaida yake, kana kwamba akizunguka upesi atawahi kufika nyumbani kabla ya maneno. Nikamwambia tule njiani. Akasema, "Tutapata pahali." Nilikasirika nikanyamaza, na kwa kunyamaza kule najilaumu hadi leo.

Njia ya Kabuye si barabara, ni ngazi za udongo. Ilikuwa siku ya soko, tukapandishwa na watu: wanawake wenye vikapu vya vitunguu kichwani, wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mananasi, wote wakitusalimu, wote wakiuliza gari. Magoti yangu yalikuwa yamekwisha kufa, lakini niliendelea kwa sababu nyuma yangu alikuwepo bibi mwenye kuku wawili ambaye hakuwa amehema hata mara moja.

Pengoni penyewe ni mahali pa kupumzika. Watu wanatua mizigo, upepo unapita, unaona ulikotoka na unakokwenda. Faustin alisimama pale, nikaona anajaribu kulivisha begi lake kofia. Aliishika kofia, akaiweka juu ya begi, ikaanguka, akaiweka tena. Nikamwita. Akanijibu kwa Kirundi, jambo la mtu mwingine, juu ya ufunguo wa nyumba ya mama yake. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na ulikuwa baridi nilipougusa.

Nikamenya ndizi, nikafungua glukosi, nikamwekea mdomoni. Akausukuma mkono wangu.

"Kwanza wapite," akasema.

Lakini nani apite? Huku mtu hampiti mgonjwa. Vikapu vyote vilikuwa chini, na watu wamekwisha kutuzunguka. Miguu ikamwisha, akaketi kwenye udongo na viatu vyake alivyopiga rangi asubuhi. Wanaume wawili wakaanza kuulizana ni nyumba gani ya karibu yenye ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa, wamteremshe kituo cha afya. Mama mmoja wa vitunguu akainama mbele yangu.

"Anaumwa nini?"

Nilikuwa na jibu ulimini. Nilikuwa nimeapa. Nilimtazama mume wangu, macho yanazunguka, meno ameyabana, anaona aibu hata wakati hajui yuko wapi, na nilimpenda nikamchukia kwa pamoja. Nikasema, "Anatakiwa kula. Sasa hivi. Na hawezi kula mnamwona."

Nilisema hivyo tu. Nilitegemea wacheke.

Yule mama alinyooka. "Muhindukire," akawaambia wenzake. Geukeni.

Wakageuka. Wenye baiskeli wakageuka, bibi wa kuku akageuka na kuku wake, wale wawili wa machela wakageuka, mtoto mmoja aliyechelewa akageuzwa kwa kushikwa kichwa. Pengo zima likawa migongo na visogo. Halafu, ili tusisikike, wakaanza kuzungumza juu ya mvua, kwa sauti, wote kwa wakati mmoja, kama itanyesha au haitanyesha.

Nikamtia Faustin glukosi kwa kidole, kama nilivyokuwa nikimlisha Keza dawa. Safari hii hakunisukuma. Akalamba, akameza. Nikampa ndizi, akaila, nikampa nyingine. Niliketi pale nikimsikiliza anatafuna, na watu hawa nisiowajua wamesimama na upepo unapeperusha vitenge vyao, wakiijadili mvua ambayo haikuwa na wingu hata moja. Sijawahi kutendewa wema kama ule. Nililia, na hakuna aliyeniona, kwa kuwa walikuwa wamegeuka.

Macho yake yakatulia. Akatazama kofia iliyokuwa chini, akatazama ganda la ndizi mkononi, kisha akatazama migongo.

"Hindukeni," akasema kwa sauti kavu. "Nimemaliza kujificha. Ni diyabete. Miye niko na diyabete."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake, hata mimi.

Wakageuka polepole, kama watu wanaoogopa kukuta mtu hajavaa. Yule mama wa vitunguu akamkagua.

"Na sasa?"

"Sasa nangojea sukari ipande."

"Basi kula na ingine," mama akasema, "tunakuangalia."

Akala na nyingine, wote wakimtazama, na bwana wa mananasi akamkatia kipande. Nilitaka kuingilia kati kuhusu nanasi, nikaona niache siku moja ipite bila kupangwa.

Rushashi, Ruli, na nyumbani

Kuanzia hapo safari ilibadilika, na si kwamba ilikuwa rahisi. Mtu aliyebana siri mwaka mzima akifunguka hafungiki. Faustin alikula karanga hadi Rushashi, akitembea katikati ya njia, akisalimu watu huku anatafuna, na waliotutazama vibaya walisimamishwa wakaelezwa habari za kongosho. Ruli tulipokaribishwa pombe aliizuia kwa mkono, akasema, "Asante, niko na diyabete," na mwenye nyumba akamletea maji bila neno lolote. Alipotoka mwenye nyumba yule, Faustin akanigeukia akiwa ameudhika.

"Ilikuwa rahisi hivi?"

"Kwako," nikamwambia. "Mimi nimemaliza mitungi ya Rulindo."

Lakini tulipoteremka kwenye bonde la Nyabarongo na kuanza kuona vilima vya kwetu, akapunguza maneno. Karanga akazirudisha mfukoni. Nilielewa. Watu wa Ruli hawatakuja sebuleni. Kumwambia mtu ambaye hutamwona tena ni mazoezi tu.

Tuliingia Batsinda alasiri, tukichechemea, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama Bella alikuwa getini kwetu na majirani kadhaa, wameleta uji na nyuso za msibani. Nilikuja kujua baadaye kwamba kulikuwa na maoni matatu: kwamba tumeachana na tunarudishana kwa wazee, kwamba tumeingia dhehebu la watu wanaotembea, na kwamba nimefukuzwa kazi kwa ulevi. La tatu lilitoka kwa Mama Vestine, na siwezi kumlaumu.

"Baba Keza," Mama Bella akasema, "safari ilikuwa ya nini?"

Nikamtazama mume wangu. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeshaandaa hata uso wangu.

"Ilikuwa harusi," Faustin akasema, akaingia ndani.

Nilivunjika moyo, nawaambia ukweli. Nilikanda miguu kwenye maji ya chumvi bila kusema naye. Nilifikiri milima yote ile, mitaro, pombe, yule mama wa vitunguu, na sasa tumerudi kwenye "hii kitu." Niliwaza macho yake na miguu yake, na nikaogopa upya kama siku ile ya muuguzi. Hakujitetea. Alilala mapema.

Kesho yake jioni nilikuwa nimeketi dirishani, miguu bado ndani ya beseni, nikasikia mlango. Faustin alikuwa ametoka, amevaa viatu vya safari na fulana, mikono mitupu, barabarani kwetu, saa ile ambayo kila mtu yuko nje. Alipofika kwa Mama Bella alisimamishwa. Sikusikia aliulizwa nini wala alijibu nini. Nilimwona anazungumza, maneno mengi, akionyesha tumbo lake, akionyesha miguu. Mama Bella akaweka mkono mdomoni. Kisha akautoa, akamshika bega, akasema neno fupi.

Faustin akaitikia kwa kichwa, akaenda geti lililofuata. Akasimama tena, akaanza upya. Akaenda na la tatu. Giza lilipoanza kuingia alikuwa amefika mwisho wa mtaa, anageuka kurudi, anatembea kwa mwendo mzuri, na mimi niliyepanga milima yote ile sikuweza hata kunyanyuka kumpungia mkono.